Orodha Niliyomsomea Shemeji

Mume wa mtu alinisimamisha getini akaniomba nimtajie kila neno alilosema mkewe tangu Jumatatu.

Kila neno. Aliomba kwa upole, helmeti kwapani, anatabasamu.

Nami nikamtajia.

Naitwa Nyevu, mkazi wa Mtopanga, na mdomo huu ushanifukuzisha kazi mbili. Ya tatu ni hii ya dobi, kwenye hoteli moja huku Bamburi. Kazi yetu ni shuka. Zinatoka kwenye mashine zikiwa moto, mnazikunja wawili wawili. Mmoja ashika ncha huku, mwenzake kule, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Kutwa mnatazamana usoni. Usipoongea utarukwa na akili.

Mwenzangu wa shuka alikuwa Mercyline, mtu wa bara, aliyefika na mumewe mwezi wa tatu. Mchapakazi kweli. Ila maneno yake, jamani.

Mvua ikinyesha, ina energy mbaya. Chai ikipoa, imempa trauma. Sabuni mpya ni red flag. Na chochote kilichobaki duniani ni toxic, yaani sumu. Ugali wa kantini, toxic. Siku moja alisema soksi zake ni toxic, nikamuuliza zimemtukana?

Mimi nimelelewa na nyanya aliyekuwa akisema neno moja likatosha hadi Jumapili. Yale maneno yalinitambaa mwilini kama upupu.

Nikaweka sheria. Atakayetoa neno la mtandaoni mezani, yeye ndiye atakayeleta taulo za bwawani. Hiyo si adhabu ndogo. Zimelowa, zina mchanga na mafuta ya wageni, na toroli lenyewe gurudumu moja halitaki kazi. Nikachukua na kalamu, kila neno nikawa naliwekea alama ukutani.

Wenzangu waliacha ndani ya wiki moja. Mercyline hakuacha. Alisukuma toroli kila siku, akirudi anasema tena.

"Nyumbani kwangu hewa ni toxic, Nyevu," aliniambia siku moja tulipokutana katikati ya shuka.

"Fungua dirisha," nikamjibu.

Meza nzima ikacheka. Na yeye akacheka. Nikaweka alama.

Mumewe, Clifford, alikuwa karani wa bohari moja huko Changamwe. Alikuwa akimleta asubuhi kwa pikipiki, na jioni saa kumi kamili yuko getini. Hakuchelewa hata dakika. Tulimhusudu mwenzetu. Mama Margret, msimamizi wetu, alikuwa akisema mume wake yeye hajui hata hoteli yenyewe iko upande gani wa barabara.

Na kwetu sisi mume wa rafiki yako ni shemeji, na shemeji hapitwi bila utani. Ukimpita kimya watu watauliza mmekosana nini. Basi kila jioni nilikuwa na langu la kumrushia. Mara nimwambie mkeo kaposwa na mpishi, mara nimdai mahari ya pili. Alikuwa anacheka kwa midomo tu. Hilo nimeliona baadaye.

Alhamisi hiyo Mercyline alikuwa bado ndani anabadilisha sare. Clifford akaniuliza tunaongea nini huko siku nzima. Nikaona huu ndio uwanja wangu. Nikamwambia mkeo ni redio. Ndipo aliponiomba nimtajie, tangu Jumatatu, neno kwa neno.

Nikamhesabia kwa vidole. Energy nne. Trauma sita. Red flag mbili.

"Na toxic?"

Sikuwa nimelitaja. Nikadhani labda hata nyumbani anachoshwa nalo kama mimi.

"Toxic kumi na moja, shemeji. Na nane kati ya hizo ni zako wewe na nyumba yako. Ukifika, kafungue madirisha."

Hakucheka.

"Nane," akasema polepole. Akanishukuru, akaniita dada.

Mercyline akatoka. Akanitazama mimi, akamtazama mumewe, akasimama. Kisha akapanda pikipiki bila kuniaga. Mikono aliiweka mapajani. Hakumshika mumewe kiuno.

Ijumaa hakuja kazini.

Jumamosi saa saba mchana nikampigia. Akapokea Clifford. Akanieleza kwa sauti laini kwamba Mercyline anapumzika, anahitaji space, na kwamba wameamua kuponya ndoa yao mbali na watu toxic.

Nilikuwa nikidhani hayo ni maneno ya mkewe.

Nikaomba angalau nimsalimie. Akasema amelala.

Nyuma ya sauti yake lori lilikuwa linarudi nyuma, ile tii-tii-tii, na mtu anapaza sauti kuuliza stakabadhi. Clifford alikuwa kazini Changamwe, na simu ya mkewe mkononi. Amejuaje kama amelala?

Nilimweleza Mama Margret. Hakuniuliza swali. Alivua aproni, tukatoka.

Mercyline na mumewe walikuwa wamepanga chumba kimoja huku kwetu Mtopanga, mwisho wa ploti. Mlangoni kufuli, kwa nje. Dirishani kadibodi, imepigiliwa misumari.

Jirani wa mlango wa pili, mama anayeitwa Dama, alikuwa anafua. Tukamuuliza kama amemwona. Akasema tangu Alhamisi jioni hajamwona. Alichosikia siku hiyo ni sauti ya mwanamume akihesabu.

"Alikuwa anahesabu nini?" Mama Margret akauliza.

"Sijui, mama. Moja mpaka nane. Akifika nane ananyamaza kidogo, halafu anaanza upya. Nilidhani ni mambo ya kazi yake."

Nikabisha mlango, nikajitaja jina.

Sauti ikatoka chini kabisa, karibu na kizingiti.

"Nyevu, nenda. Atajua ulikuja."

"Atajuaje?"

"Utamwambia."

Wallahi nimetukanwa na watu wengi, sikuwahi kupigwa na neno kama lile.

Mama Margret alimwita Kadenge, fundi wa vyuma wa pale kona, akaja akakata kufuli. Mercyline alikuwa sakafuni, mkono wa kushoto umevimba hadi kiwiko. Tulimbeba, tukampeleka zahanati, kisha kituoni kuandikisha.

Pale zahanati, daktari akimfunga mkono, niliomba msamaha. Nikamwambia sikujua. Nikamwambia neno lenyewe alilitumia hata kwa soksi, ningejuaje?

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ningesema ananipiga, ingebidi nifanye jambo," akaniambia. "Sikuwa na ujasiri. Hilo lingine lilikuwa jepesi, nikawa naliweka mezani kila siku. Nilitaka kuona nani ataliokota."

Akafumba macho.

"Wewe uliliokota, dada. Ukampelekea mwenyewe."

Ndugu zake walikuja wakamchukua. Walimpeleka wapi, tunaojua ni mimi na Mama Margret, na hapa sitaandika. Clifford alikamatwa, akatoka kwa dhamana, kesi bado iko. Askari wa geti hamruhusu kusogea. Basi yeye husimama ng'ambo ya barabara, saa kumi kamili, helmeti kwapani.

Mwenzangu mpya wa shuka anaitwa Vivian. Binti mchangamfu, naye ana maneno yake. Wiki jana alikuwa ananisimulia kuna kaka amempa lift ya pikipiki mara mbili mpaka kwao, hataki chochote, anapenda tu kumsikiliza. Ni mtu caring, akasema. Caring sana.

Zamani ningemtuma taulo. Safari hii niliachia ncha yangu, shuka ikaanguka sakafuni.

"Caring anafanyaje, mdogo wangu? Niambie hasa anachofanya."

Akafikiri kidogo. Akasema anamuuliza habari za kazini tu. Nani anakunja na nani. Na yule dada aliyeondoka, siku hizi anaishi wapi.

"Nimemwambia mimi ni mgeni," Vivian akasema, "lakini Dada Nyevu anaongea sana. Nitamuuliza yeye."

Ndugu zangu, maneno ya mtandaoni yananiwasha hadi leo, sitawadanganya. Lakini mtu akikurudia na neno lilelile kila siku, usimcheke wala usimsahihishe. Mkalishe, umuulize limetoka wapi. Na atakachokuambia, kimeze. Usimpe mtu, hata kama ni shemeji, hata kama anaomba kwa upole.

Siku ile nilimkalisha Vivian juu ya kapu la shuka. Nikaufunga mlango, nikamweleza yote, isipokuwa mahali.