Mpaka Deni Liishe

Watu waliopita njia ya mlimani kwenda Mbinga walikuwa wakisimama kidogo kuitazama nyumba ya Hyasinti Kapinga. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, imeezekwa bati tupu, na upande wa mbele ilikuwa na madirisha ya vioo. Walimpongeza mkewe, Mektilda, naye aliitikia kama inavyompasa mwanamke mwenye bahati. Moyoni alijua kwamba nyumba ile si yao bado. Hyasinti aliijenga kwa mkopo wa chama cha ushirika, muda mfupi baada ya uhuru, akaweka rehani mibuni yake yote na nyumba yenyewe juu yake. Kila kahawa ilipouzwa, chama kilikata chake kwanza. Kilichobaki kilitosha chumvi, sabuni na sadaka ya Jumapili.

Mektilda hakuzaliwa mlimani. Kwao ni ziwani Nyasa, kijiji kidogo kusini ya Mbamba Bay, ambako mama yake, Bi Ida, alianika usipa, vile vidagaa vya ziwani, juu ya mawe na kucheka kicheko kilichosikika nyumba ya tatu. Alipoolewa huku mlimani, Umatengoni, alijifunza kulima ngolo, yale mashimo ya mteremkoni yanayozuia mvua isibebe udongo. Akajifunza lugha, akaizoea baridi ya mwezi wa sita. Umbali wa mama yake ndio uliomshinda kuuzoea.

"Deni likiisha, mama Ottilia," Hyasinti alimwambia mara ya kwanza alipoomba kwenda kumtazama.

Hakusema kwa ukali. Alikuwa mtu mpole, asiyelewa, asiyempiga mke. Ila deni lilimkaa kama mwiba wa kisigino, kila hatua alilisikia. Kitenge kipya kikangoja deni liishe. Binti yao, Ottilia, alitaka kwenda kujifunza ushonaji kwa masista. Naye akaambiwa angoje. Hakungoja. Aliolewa na dereva wa Songea akiwa mdogo bado, na tangu hapo habari zake zikawa za kusikia kwa watu.

Hata hivyo, jioni walipokaa kuchambua kahawa, mume na mke walipanga maisha yatakayokuja, na hapo ndipo Hyasinti alipokuwa mtamu. Vyumba viwili vya mbele vingepangishwa kwa walimu wanaohamishiwa Mbinga kutoka mikoa mingine. Kila kiangazi wangeshuka ziwani, na pamoja na Sixtus, kaka yake Mektilda, wangenunua mtumbwi. Yeye Hyasinti, mtu wa mlimani asiyejua hata kuogelea, angekaa nchi kavu awe bwana mkubwa wa kupokea samaki. Mektilda alicheka mpaka machozi. Akaongeza lake: mama angepanda kukaa nao, alale kwenye chumba chenye kioo, aamke auone ukungu ukiwa bondeni, chini yake. Miaka ikapita hivyo.

Kisha wanawake wa ziwani, wale waliokuwa wakipandisha usipa kupitia Tingi ili wabadilishane na maharage, wakamletea habari. Bi Ida ni mgonjwa, hali chakula, anamtaja mwanawe. Siku zile buni zilikuwa zimewiva, matawi yameinama.

"Tukiziacha zikaanguka, mwaka huu hatulipi," Hyasinti alisema. "Tumebakiza kidogo sana. Tuchume, halafu nitakupeleka mimi mwenyewe."

Hakuna aliyemfunga Mektilda kamba. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Alichukua kikapu, akachuma. Waliposhuka, udongo wa kaburi la Bi Ida ulikuwa umekwisha kukauka na kupasuka. Sixtus hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba kila mlango uliposikika, mama aliuliza kama ni yeye.

Deni liliisha mwaka wa sabini na nne. Hyasinti alirudi kutoka chamani na karatasi yenye mhuri, akachinja mbuzi, akaita majirani. Alimnunulia mkewe kitenge cha rangi ya machungwa, na Mektilda alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakitia sandukuni. Siku chache baadaye mume akaanza kupaka chokaa vyumba vya mbele, akiimba.

Chokaa haijakauka vizuri, operesheni ya vijiji ikafika. Walioishi mbalimbali mlimani waliamriwa kuteremka kwenye kijiji kipya, kando ya barabara, na nyumba ya Hyasinti ilikuwa nje ya mpaka. Alikwenda na karatasi yake. Mgambo mmoja aliisoma yote, akamrudishia kwa heshima.

"Mzee, hakuna anayesema nyumba si yako," alimwambia. "Tunasema usikae humo."

Bati ziliteremshwa ili watu wasirudi kinyemela, zikaenda kuezeka ofisi ya kijiji, kwa ahadi kwamba mwenyewe atarudishiwa. Vioo vilivunjika njiani. Katika kiwanja walichopimiwa, walijenga kibanda cha miti na nyasi, na kila asubuhi Hyasinti alipanda mlima kwenda kwenye mibuni yake, akipita mbele ya kuta zilizokuwa zikinyeshewa. Alipungua maneno. Mektilda alimhurumia, wala hakumkumbusha lolote.

Baada ya msimu mmoja, Hyasinti alirudi kutoka mkutanoni uso umemng'aa. Kulikuwa na mkopo wa nyumba bora, alisema, na jina lake limeandikwa la kwanza.

"Safari hii ni mdogo. Ukiisha huo..."

"Usimalizie, baba Ottilia," Mektilda alisema.

Hakupiga kelele. Alipika, wakala. Kesho yake alifunga nguo zake, akawaaga majirani mchana kweupe, akashika njia ya Tingi, ya kushuka ziwani.

Ziwani maisha hayakuwa kama walivyoyapanga. Nyumba ya mama ilikuwa imeanguka, likabaki jiko tu, naye akalala humo. Homa iliyokuwa imemsahau kwa miaka yote ile ya baridi ilimrudia kila mwezi. Watoto wa Sixtus waliicheka lafudhi yake. Mlimani alikuwa Mnyasa. Huku wakamwita Mmatengo. Alinunua samaki kwa wavuvi, akawakausha kwa moshi, akauza.

Kiangazi kilichofuata Hyasinti alishuka, mabegani kabeba mfuko wa maharage. Mektilda alimpa maji ya kuoga na chakula. Wakakaa nje ya jiko.

"Kuta za mbele zimeanguka," Hyasinti alisema.

"Zilinyeshewa sana."

"Ule mkopo niliweka saini." Alitazama miguu yake. "Peke yangu siwezi kuchuma na kulima. Twende nyumbani."

Mektilda alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu hakutaka kusema jambo ambalo angelijutia.

"Uliniambia ningoje, nikangoja, na mama yangu akafa," alisema. "Sikulaumu peke yako. Lakini deni hilo ni lako, mimi sikulikopa."

Hyasinti alilala kwa Sixtus usiku huo. Asubuhi Mektilda alimfungia samaki wakavu, akamsindikiza mpaka pale njia inapoanza kupanda. Akasimama akimtazama. Hyasinti alipumzika kila baada ya mwendo mfupi, maana alikuwa amezeeka, na mara mbili aligeuka nyuma. Mektilda hakumwita.