Viboko Wasio na Meno

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, niliajiriwa katika duka moja la Wahindi mjini Kisii. Bosi aliuza redio, betri na vinyago vya mawe kutoka Tabaka. Alikuwa amesikia kwamba kuna kitu kinaitwa tovuti, ambapo Mzungu huona kinyago akiwa kwake na kukiagiza papo hapo. Akanichukua mimi kwa kuwa nilisomea kompyuta Nairobi.

Shida ilikuwa simu. Kuingia kwenye intaneti ilibidi upige simu hadi Nairobi, na laini ilikatika kila iliponyesha. Kisii kwetu mvua haikosi alasiri. Basi nikaamua kuijaribu tovuti humo humo dukani kwanza. Niliweka programu ya seva kwenye kompyuta ya kaunta, nikapitisha waya kwenye tundu la ukuta mpaka kompyuta kuukuu ya chumba cha nyuma, alikoshinda mama yake bosi. Ukiifungua tovuti kule nyuma, seva ya mbele inakujibu. Ukiagiza kinyago kule, agizo linatokea huku. Nje ya jengo lile hakuna aliyeweza kuiona.

Nilimweleza bosi haya yote polepole. Akaitikia kwa kichwa. Kesho yake akaja kazini amevaa tai.

Mchongaji wetu wa Tabaka, mzee aliyekuwa na vumbi la mawe hadi kwenye kope, alikuja kutazama picha ya kiboko wake wa mawe kwenye tovuti. Alipofika mbele ya skrini alivua kofia.

"Wazungu wako wapi?" akauliza.

"Bado hawajafika, tata. Hapa ni majaribio tu."

"Wanajaribu kufika?"

"Hapana, sisi ndio tunajaribu."

"Basi nitawangoja," akasema, akavuta kiti. Alingoja mpaka tukafunga duka.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kanisani Nyanchwa. Jumapili tulipofungua, nilimkuta bosi amesimama mlangoni, uso unang'aa.

"Tumepata mteja," akasema.

Nikaenda kwenye skrini. Palikuwa pameandikwa: *Nataka viboko sita. Wakubwa, wazito. Wasiwe na meno.*

Nisingeona hilo neno la meno, ningedhani ni mwalimu mkuu anaagiza fimbo.

"Bosi, hili halikutoka nje. Waya wenyewe unaishia hapo nyuma."

"Wewe ni Msabato," akanijibu kwa upole, "lakini imani yako ni haba."

Alikuwa ameshatuma pikapu Tabaka. Kufika saa sita mchongaji akawa ameingia, amekasirika.

"Kiboko bila meno ni nguruwe," akasema. "Mwambieni huyo mtu."

Tovuti ilikuwa na mahali pa kumjibu mteja. Bosi akakaza tai, akaandika: *Mpendwa mteja, fundi anaomba angalau meno mawili yabaki.* Jibu likaja kabla mzee hajamaliza soda yake: *Hata moja sitaki.*

"Ulaya wanafanya kazi hata Jumapili," bosi akasema.

Nikaufuata ule waya. Chumba cha nyuma nilimkuta mama, miwani kwenye ncha ya pua, anaandika kwa kidole kimoja. Alikuwa ameuza kwenye kaunta ile tangu ujana wake, na Kigusii chake kilikuwa safi kuliko changu.

"Mama, viboko ni wa nini?"

"Wa kuzuia milango. Upepo unaibamiza kutwa nzima. Meno yananasa sari."

"Si ungemwambia tu mwanao?"

"Nimemwambia tangu mvua za mwaka jana. Nikisema kwa mdomo ananijibu, 'Tutaona, mama.' Nimeandika kwa mashine, ametuma pikapu." Akanitazama juu ya miwani. "Usimwambie kabla hawajafika."

Viboko walifika wiki mbili baadaye, wamefungwa kwa majani makavu ya migomba, mdomo umefumbwa, wanene, sura zao za huzuni kidogo. Bosi akaandika kuuliza wapelekwe nchi gani. Jibu: *Chumba cha nyuma.*

Alilisoma zaidi ya mara moja. "Chumba cha nyuma cha wapi?" akaniuliza. Nikamwonyesha ule waya. Akaingia mwenyewe, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa amevua tai, akanyanyua kiboko mmoja, akampeleka ndani. Mchongaji, aliyekuja nao, akamfuata na wa pili. Nilimsikia akisalimiwa kwa Kigusii, naye akicheka kwa mshangao. Akatoka akaniambia kwamba kumbe Wazungu ni watu wa kawaida kabisa.

Baadaye tovuti iliwekwa kwenye seva ya Nairobi, dunia nzima ikaweza kuiona, na hakuna aliyeagiza kitu. Ile ya dukani bosi alikataa niizime. Mama aliandika karibu kila siku: chai imekuwa nyepesi, bomba linavuja, mwanangu mbona umekonda. Naye bosi, aliyekaa hatua chache tu kutoka kwake, aliacha wateja kwenye kaunta, akaketi wima na kuanza: *Mpendwa mteja.*