Chumba cha Nyuma

Nyumba yangu niliijenga mwenyewe. Nasema hivyo kwa sababu hapa Matinyani watu wanapenda kusema tuliijenga. Hakuna tuliijenga. Nilisoma diploma ya umeme kwa kujilipia karo huku nikibeba kokoto mchana, nikaenda Ghuba, kwa Waarabu, nikavuta nyaya kwenye majengo marefu kuliko mlima wowote wa Kitui, na pesa nilizotuma ndizo zilizosimamisha kuta hizi. Diploma iko sebuleni, ndani ya kioo, mahali ambapo mgeni akikaa anaiona.

Paka alitoka Mukuyuni. Nilikuwa nimemaliza kazi ya kuweka stima katika duka la nafaka la mama mmoja, naye aliposikia kwamba panya wanakata waya nyumbani kwangu, akaingia nyuma ya magunia na kutoka na paka mdogo wa kijivu, mwenye masikio makubwa kuliko kichwa. Nilitoa pochi, akaisukuma.

"Weka pesa zako. Niahidi tu huyu hatakufa na sumu. Wawili niliowapa watu wa huko kwenu walikufa na sumu."

Nikaahidi. Mimi nikisema neno huwa nimesema.

Kabla sijamtoa kwenye katoni nilikagua nyumba kama ninavyokagua kazi ya mteja. Waya wa friji uliokuwa unaning'inia niliupandisha ukutani. Soketi za chini nikazifunika. Mfuniko wa tangi la maji nikaubana kwa nati, kwa sababu paka mdogo hunywa mahali popote na hajui kutoka. Nikaziba kwa simiti upenyo chini ya sinki, nikaweka wavu dirishani, na dawa ya panya niliyoikuta nyuma ya kabati nikaifukia shimoni, mbali na kuku. Kazi safi. Kuna mafundi hapa wangefanya nusu yake na kuomba chai.

Mwaitu, mama yangu, alisimama mlangoni akinitazama nikiwa nimelala chali chini ya sinki.

"Huyu paka amekuja kushika panya ama amekuja kulazwa?"

"Amekuja kukaa, Mwaitu."

"Sisi paka tulikuwa tunamfunga kamba kwa mguu wa kitanda, akizoea tunamwachilia. Hakuna mtu alikuwa anamjengea."

Akacheka na kwenda zake. Lakini jioni alirudi na kibakuli cha mabaki ya ugali na samaki, akakaa hapo hadi paka alipomaliza.

Sasa nitaeleza kilichonikasirisha.

Hapa kwetu, mtu akirudi kutoka ng'ambo na kujenga nyumba ya simiti, ukoo wote unaiona kama ghala. Wao wana vibanda ambamo dumuzi, wale wadudu wa mahindi, na unyevu huingia ovyo. Wewe una sakafu kavu na dari. Kwa hivyo mavuno yanakuja kwako. Hakuna anayeuliza. Ufunguo wa akiba niliuacha kwa Mwaitu ili aweze kumpa paka chakula nikiwa kazini. Nikaenda Sultan Hamud kurekebisha stima ya hoteli, na niliporudi nilikuta chumba changu cha nyuma kimejaa magunia ya mahindi ya ndugu yangu mkubwa, anayeishi ng'ambo ya uwanja. Mahindi yalikuwa yamechanganywa na dawa ya unga ya kuua dumuzi, koleo likiwa bado limelala sakafuni. Walikuwa wamechanganyia humo humo ndani. Sakafu ilikuwa nyeupe.

Paka alikuwa juu ya gunia, mweupe na yeye, akijilamba.

Mtu ambaye hajafuga paka hajui maana yake. Kuku akipakwa vumbi anajikung'uta. Paka anajisafisha kwa ulimi, na kila kilicho mwilini kinaingia tumboni. Nilipomwinua, mate yalikuwa yanamtoka kama uzi na sikio moja lilikuwa linachezacheza lenyewe. Kisha miguu ya nyuma ikaanza kutetemeka.

Nilimpigia simu daktari wa mifugo. Akasema nimwoshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, nimkaushe, nimfunge kitambaa asijilambe, nizuie baridi, na nisimlazimishe kumeza kitu chochote. Nikaweka karai jikoni. Ndipo mke wa ndugu yangu akaingia na kikombe.

"Shemeji, mpe maziwa. Maziwa huua sumu."

"Toa hayo maziwa hapa."

"Nakusaidia."

"Koo lake linatetemeka. Yataingia kwa mapafu. Toa."

Akayaweka mezani na kwenda kumwita mume wake. Ndugu yangu alikuja polepole, mikono mfukoni, akaegemea mlango wangu.

"Kelele yote hii ni ya paka?"

"Mlichanganya dawa ndani ya nyumba yangu."

"Tungechanganyia wapi, kwa upepo? Nyumba yenyewe haina mtoto, haina mtu. Mwaitu ndiye alitufungulia."

"Mlimwambia mnaleta dawa?"

Akalitazama karai. "Wewe ukae ukiogesha paka. Watu wa Ghuba mlirudi na mambo."

Nilimkausha paka kwa taulo langu zuri, nikamfunga, nikampa Mwaitu amshike kifuani, kwa sababu Mwaitu alikuwa amekuja na alikuwa amesimama kando. Kisha nikaingia chumba cha nyuma na kuanza kubeba. Nilibeba gunia baada ya gunia hadi kwenye baraza la ndugu yangu. Yeye alitazama. Hakuinua hata moja.

Jumapili kanisani mzee aliyeongoza maombi aliombea "wale wanaopenda wanyama kuliko damu yao," na vichwa vikanigeukia. Mimi nilitazama mbele. Zaka yangu waliipokea.

Paka alipona. Alikaa akiyumba siku kadhaa, akila kidogo kidogo kwenye mapaja ya Mwaitu, kisha asubuhi moja akaruka dirishani na kuanza kuuma wavu. Mama wa Mukuyuni nimemtumia picha. Kitasa cha mbele nimebadilisha, na chumba cha nyuma nimekiwekea chake. Ufunguo mmoja ninao, mwingine anao Mwaitu, na nilimwambia wazi kwamba ni wa mlango wa mbele tu. Hakupenda, lakini aliuchukua.

Wiki iliyopita mke wa ndugu yangu alisimama uani kwangu, akitazama chini.

"Shemeji, ile dawa ni ya dumuzi tu. Panya wanatoboa magunia. Baba watoto ameuliza kama paka anaweza kulala kwetu."

"Amemuuliza nani?"

"Ameniambia nikuulize wewe."

"Mwambie aje aulize mwenyewe, mlangoni, akianza na samahani. Na hata akija, paka hatalala penye dawa. Nitamwekea mitego ya panya."

Mitego iko tayari. Niliitengeneza mwenyewe kwa waya uliobaki, na inafunga vizuri. Kutoka kwake hadi kwangu ni kuvuka uwanja tu. Bado hajavuka.