Kaa la Kibanda cha Ombati

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mimi na rafiki yangu Nyakundi tulipanga kwenda kuishi siku tatu kwenye kisiwa kisicho na watu. Mwalimu alitwambia visiwa vya aina hiyo viko ziwani, na siku za anga safi ziwa tuliliona kutoka mlimani kwetu, likimetameta kama bati jipya. Tungebeba panga, viazi vitamu na chungu. Kiberiti hapana, kingelowa mtumbwini. Moto tungekwenda nao, makaa yaliyofukiwa kwenye majivu ndani ya chungu. Ujinga wetu haukuwa na mpaka.

Ilibaki kujaribu kama makaa yangedumu. Desemba hiyo kaka yangu Ombati alikuwa ametahiriwa, anakaa kibandani peke yake kama ilivyo desturi yetu Wakisii, na moto wa mle ulipaswa kuwaka mpaka siku ya kutoka. Kuni na moto vilikuwa juu yangu. Nyanya yetu, Magokoro, alinionya mapema.

"Moto huo hautolewi nje. Ukizimika, kaka yako hatapata mtoto. Umesikia?"

"Nimesikia, Magokoro."

Mchana mmoja Ombati alikuwa amelala. Nikachota makaa yote mazuri, nikakimbia nayo kwa Nyakundi. Tulichungulia chungu chetu tukibishana nani atapiga kasia. Niliporudi kibandani nilikuta majivu matupu. Nikaiba kiberiti cha mama, nikawasha upya. Hakuna aliyejua. Habari za kisiwa sikuzitaja tena.

Miaka ikapita, Ombati akamwoa Kemunto, mwanamke mcheshi aliyenipenda kama ndugu yake wa tumbo moja. Mwaka wa nne ukaisha bila mtoto. Wazee wakaketi uani kwetu, na Magokoro akaongea mbele yao.

"Moto wa Ombati haukuzimika hata siku moja. Kosa liko kwa mwanamke." Akanigeukia. "Si wewe uliyeutunza?"

Kemunto alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama.

"Ndiyo, Magokoro," nikasema.

Asubuhi alibeba sanduku lake kurudi kwao Birongo. Alipopita langoni aliniambia, "Ubaki salama, shemeji."

Leo nina wajukuu, na siamini kwamba majivu yanaweza kumnyima mtu mtoto. Lakini siku ile niliamini kabisa. Niliamini kosa ni langu, nikamwacha aende nalo.