Hiki Kidonda Hakisuguliwi

Mwanangu wa kwanza alitahiriwa angali mchanga, kwenye kituo cha afya cha mtaani kwetu, hapa Kalundu, na wiki ile niligombana na nusu ya mji wetu wa Uvira. Sijuti hata kidogo.

Ugomvi ulianza na kikwembe, kile kitenge cha kubebea mtoto. Kwetu mtoto ni wa mgongoni: unamfunga, unaenda zako sokoni kuuza ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, yeye analala. Muganga wa kituo aliyemtahiri alinikataza. "Ukimufunga, kidonda itasuguana na mugongo yako. Mubebe mu mikono mpaka ipone." Basi nikapita naye sokoni nimempakata, nepi imelegezwa, na wauza samaki wenzangu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akauliza kama mgongo wangu umevunjika. Nikamjibu mgongo wangu ni mzima, ila mdomo wake ni mzima kupita kiasi.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Mutarule, na unga wa mihogo na mawese, kunisaidia. Nampenda yule mama. Alipika, alifua, alimwimbia mtoto kwa Kifuliiru. Lakini kila nilipofungua nepi kupaka vazelini, alisimama nyuma yangu akiguna.

Muganga alikuwa amenionya kwamba kidonda kitafanya utando wa njano, nisiuguse, ndiyo ngozi inarudi. Nirudi mbio kikivimba, kikinuka, au mtoto akipata homa. Asubuhi moja ule utando ukatokea. Nilikuwa uani naanua nguo nikasikia mtoto analia kilio kikali. Nikaingia. Mama mkwe alikuwa amemlaza mapajani, uchi, kando yake bakuli la maji ya moto yenye chumvi, kitambaa mkononi.

"Iko usaha!" akasema. "Mutoto anaoza na weye uko unaanua manguo!"

Nikamnyakua mtoto. Ndiyo, nilimnyakua kutoka mapajani mwa mama wa mume wangu, jambo ambalo kwetu halifanywi.

"Weye! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

"Likivunjika ni guu langu, mama. Hiki kidonda hakisuguliwi."

Mume wangu alichungulia, akatutazama sisi wawili, akakumbuka ghafla kwamba ana kazi bandarini.

Nilimgusa mtoto paji la uso, nikanusa nepi. Hakuna homa, hakuna harufu. Lakini ile njano ilikuwa njano kweli, na kama nimekosea mimi, nani angenisamehe? Hata mimi mwenyewe nisingejisamehe.

Nilitegemea mama mkwe apige kelele, majirani wajae. Hakupiga. Alikaa akiyaangalia maji.

"Miye nilizaa mwingine mbele ya kumuzaa bwana yako," akasema. "Kijana. Walimutahiri, kidonda ikafanya usaha. Bamama wakaniambia niache, itapona yenyewe. Nikaacha." Akakikunja kile kitambaa. "Akakufa."

Nilikuwa sijui. Mume wangu hakuwahi kunitajia kaka. Mungu wangu, nilimwonea huruma. Na bado nilimkumbatia mtoto vilevile.

"Pole, mama. Pole sana. Lakini huyu sikuachii. Simama, twende kwa muganga, amwangalie mbele ya macho yako."

Alisimama. Akanifuata nyuma hadi kituoni.

Muganga alifungua nepi, akainama, akaangalia vizuri. "Hapa hakuna usaha. Inapona muzuri. Mutu akimusugua, atamutonesha tu." Mama mkwe akamwambia arudie. Akarudia. Nilifikiri atashukuru Mungu, au atanuna. Yeye akauliza kwa sauti ndogo:

"Sasa yule wangu, ilikuwa nini?"

Muganga akamshika bega, akamwonyesha benchi. Mama mkwe akakaa kwenye benchi akaanza kulia mbele ya watu wote, bila kujifunika uso, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakageuka wakimkodolea macho. Nikawaambia wageukie mbele, hapa hakuna sinema.

Kisha nikamlaza mtoto mapajani mwake, nepi wazi.

"Mwangalie, mama," nikamwambia. "Mwangalie mpaka uchoke."

Akamwangalia, mikono yote miwili ameificha nyuma ya mgongo.