Kopo Litalala Wapi

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya soko la mpakani Malaba pale Chrispinus alipoinama, akaokota kopo la kupimia na kuchota karanga.

Hakuwa na nia mbaya. Akongo alikuwa ameng'ang'ania turubai kwa mikono miwili, upepo ukilivuta, na mnunuzi alikuwa akilalamika kwamba analowa. Chrispinus, Mkenya, dereva wa lori lililobeba nafaka za wanawake kwenda kwao Bungoma, alitaka tu kumsaidia. Alichota, akasawazisha kwa kiganja, akamwaga ndani ya gunia.

Soko likanyamaza.

Kila muuzaji pale ana kopo lake, na si kila kopo ni la kuaminika. Ukigonga kitako kwa jiwe kikaingia ndani kidogo, mnunuzi huondoka na pungufu bila kujua. Ndiyo maana wanawake wa pande zote mbili, wa Kenya na wa Uganda, walikubaliana zamani kuwa na kopo moja la kuamua. Ni kopo la bati tu, lililowahi kuwa la mafuta ya kupikia, lakini ugomvi wote huishia kwake. Wanaume hubeba magunia, huendesha malori, hununua. Kopo hilo, lile aliloliokota Chrispinus, hawalishiki. Jioni mwanamke anayelitunza hulibeba kwenda kwake, nalo hulala nyumbani kwake. Yeye ndiye husema nani apakie kwanza na nani amedhulumiwa. Wote humwita Kwini, malkia wao.

Kabla ya Akongo, Kwini alikuwa Mama Nangila, na kabla yake alikuwepo mwingine. Wote walikuwa wajane wenye wajukuu, wanawake ambao hakuna aliyejali wanalala chini ya paa la nani. Magoti ya Mama Nangila yalipokataa kutembea, alimpa Akongo kopo. "Baba yako wa Osukuru, Uganda, mama yako wa Amagoro, Kenya," alimwambia. "Hawa wakikutukana, na wale wakikutukana, watakuwa wametukana watu wao." Akongo alikuwa bado msichana mwenye sauti kubwa na kikapu cha karanga. Kwamba angeweza kuolewa, hakuna aliyelifikiria. Hata yeye hakulifikiria, mpaka alipokuja dereva mmoja aliyefunga turubai huku akipiga mluzi wimbo wa kanisani, na kila alipofika kwenye kiitikio akawa anamtazama.

Wa kwanza kuuvunja ule ukimya alikuwa Winfred, muuza maharagwe wa upande wa Kenya. Alipiga kigelegele.

"Wifi yetu! Kumbe mambo yameiva na mnatuficha!"

Wenzake wakacheka. Ng'ambo ya mtaro wa maji machafu, Phiona hakucheka. Alikuwa muuza mtama kutoka Mwello, upande wa Uganda, mwanamke mwembamba asiyesahau kitu.

"Kwini," alisema, "ng'ombe ya mahari iko kwa Otai tangu juzi. Wewe najua?"

Akongo aliliachia turubai. Otai alikuwa baba yake mdogo, aliyemlea. Alimgeukia Chrispinus, naye akawa anatazama viatu vyake.

"Wazee wetu walienda kubisha hodi tu," alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka nikwambie leo."

"Sasa, nyabo, bibie," Phiona akaendelea, "kopo nalala wapi?"

"Phiona, punguza kiherehere," Winfred alimkata. "Mtu akiolewa amekufa?"

"Hakufa. Amehama."

Phiona alifunua kikapu chake, akatoa kopo jipya linalong'aa, akalisimamisha juu ya mtama. Mmoja baada ya mwingine, wanawake wa upande wa Uganda walianza kuvuta magunia yao ng'ambo ya mtaro. Dalali mmoja alisogea kando, akawasha sigara, akatabasamu. Alijua kinachofuata. Makopo yakiwa mawili, angewaambia hawa kwamba kopo la wale limejaa zaidi, na wale kwamba la hawa, mpaka wote waanze kulundika nafaka juu ya mdomo wa kopo ili asiwakimbie. Iliwahi kutokea, kabla ya kopo moja, na mama yake Akongo alirudi nyumbani na gunia tupu na unga usiotosha kuwalaza watoto.

"Nipeni mpaka soko lijalo," Akongo alisema.

Aliliweka kopo kichwani, akaondoka kwenye mvua.

Nyumbani Osukuru aliwakuta mitamba wa mahari wamefungwa kwenye boma la Otai, wakila nyasi kwa utulivu. Otai alikuwa akimsugua shingo mmoja wao kwa furaha ya mtu aliyengoja sana.

"Binti yangu, umekaa mno," alimwambia. "Wanakuita Kwini, sawa. Kwini gani akirudi jioni hana wa kumfungulia mlango?"

"Ufunguo ninao, baba."

"Unanijibu kama mwanamume."

"Najibu kama mtu aliyepokelewa ng'ombe bila kuulizwa yeye."

Otai aliacha kusugua. Alisimama kati yake na kamba, na hapo Akongo akaelewa kwamba mitamba wale hawangerudi kwa kubembeleza.

Chrispinus alimfuata jioni, matope mpaka magotini. Akongo alimkaribisha chumbani kwake, mlango ukiwa wazi, akaliweka kopo mezani kati yao.

"Nitahamia kwako," Chrispinus alisema kabla hajaketi. "Nimefikiri njia nzima. Wacheke wanavyotaka. Kopo libaki hapa hapa."

Akongo alifumba macho. Hakutarajia hilo. Mwanamume wa kwao kuhamia kwa mke ni mtu wa kuimbiwa vilabuni, naye alikuwa tayari. Kwa muda alimwona asubuhi akinawa uso pale nje, akimwagia maji migomba, akipiga mluzi.

"Ligonge kitako," alisema.

Chrispinus aliligeuza, akaligonga kwa vidole.

"Zima kabisa."

"Tukiishi hapa pamoja, Phiona akaniuliza, nikamwambia ni zima kabisa. Ataniamini?"

"Atazoea."

"Atazoea kunyamaza."

"Mimi siwezi kulibonyeza, Akongo. Unanijua."

"Nakujua. Wao watalitazama kila asubuhi wakikufikiria wewe."

Chrispinus alikuwa na uchungu sasa. "Basi waachie! Mpe Winfred. Mpe huyo Phiona wako. Kopo la bati, jamani!"

Akongo angeweza kusema kwamba Winfred ni wa upande mmoja na Phiona wa mwingine, na ingekuwa kweli. Lakini mtu aliyekuja na matope magotini alistahili ukweli wote.

"Nami nalitaka," alisema. "Nikifungua mdomo pale, watu wananyamaza wanisikilize. Nikiwa mkeo, nitasema jambo, halafu watamtafuta mtu awaulizie wewe umesemaje. Hata ukikataa kuwajibu. Hata ukinipenda kuliko leo."

Chrispinus alilisukuma kopo upande wa Akongo. Kisha alinyanyuka, akatoka, na hakufunga mlango.

Siku ya soko, magunia yalisimama pande mbili za mtaro kama watu waliokosana. Kopo jipya la Phiona lilikuwa juu ya mtama. Dalali alikuwa amefika mapema. Winfred alikuwa ameleta khanga mpya ya kumvalisha bibi harusi, na aliikunja na kuikunjua bila sababu.

Walisikia kwato kabla ya kumwona. Akongo alikuja kwa njia ya Osukuru, kopo kichwani, akiwaongoza wale mitamba kwa kamba. Alikuwa amewafungua alfajiri mbele ya macho ya Otai. Mzee alikuwa amemwambia kwamba akitoka na ng'ombe wale asimwite baba tena. Alitoka nao.

Alipita katikati ya soko, pande zote zikimwona, mpaka kwenye lori. Akamkabidhi Chrispinus kamba.

"Wasalimie wazee," alisema. "Waambie hawakukosewa heshima."

Chrispinus aliipokea. Mikono yao haikugusana.

"Umetuaibisha," Winfred alinong'ona, khanga mkononi. "Ndugu yetu amekosa nini kwako?"

"Hajakosa kitu."

Phiona alikuwa tayari ameliingiza kopo lake kikapuni. Alilivuta gunia lake kuvuka mtaro, wa kwanza kabisa, akaliweka mbele ya Akongo, akitarajia kupimiwa wa kwanza.

"Wewe uliyeleta kopo la pili utakuwa wa mwisho leo," Akongo alimwambia. "Winfred, leta maharagwe."

Winfred hakumtazama, lakini alileta. Dalali alitupa sigara yake.

Akongo alichota na kusawazisha kwa kiganja. Baadhi ya maharagwe yalianguka, akayaokota moja moja na kuyarudisha ndani ya kopo kabla ya kumwaga. Nyuma yake alisikia magunia yakipangwa, mitamba wakipandishwa lorini, kisha kamba za turubai zikivutwa na kukazwa. Aliendelea kuhesabu kwa sauti, huku sikio lake likingoja mluzi. Lori liliondoka, na mluzi haukusikika.