Madoa ya Kangaja

Mwanangu, nimesikia umekabidhiwa tangi la samaki wa baharini pale hotelini Korogwe, na kwamba tayari una watu wawili chini yako. Hongera. Kabla hujaanza kuwafokea, kaa kidogo nikueleze jambo. Nakumbuka siku moja, nikiwa na umri kama wako huo, nilimfukuzisha kazi msichana wa watu kwa sababu ya madoa ya samaki. Sikufanya hivyo kwa chuki. Nilikuwa na uhakika tu, na uhakika wangu ndio ulioniponza.

Wakati huo nilikuwa msimamizi wa gesti moja hapo hapo Korogwe. Mwenye gesti, Mzee Salimu, alikuwa amestaafu kazi ya bandarini Tanga, na alipohamia huku bara alikuja na tangi la kioo refu kama kitanda. Aliliweka mapokezi. Maji yake yalikuwa ya bahari kweli, yakiletwa kwenye madumu na dereva wa lori aliyekuwa rafiki yake. Abiria wa mabasi walikuwa wakiingia kuwatazama samaki tu, halafu wanaona aibu, wanaagiza chai.

Aliyelihudumia tangi alikuwa Hawa, binti wa Kisambaa kutoka Kwashemshi. Alisafisha kioo, alilisha, alijaza maji yalipopungua. Wiki yake ya kwanza aliniuliza, mbele ya wapishi, "Dada, maji yakipungua niongeze na chumvi ya jikoni?" Wapishi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Salimu akamweleza kwamba jua na joto huchukua maji na kuiacha chumvi, kwa hiyo huongezwa maji baridi peke yake, yaani yasiyo na chumvi, ya mvua yakipatikana. Hawa akaelewa, na hakuuliza tena. Lakini mimi lile swali nililiweka kichwani.

Msichana yule aliwapenda samaki kwa namna ambayo mimi sikuielewa. Akimaliza kazi zake alivuta kigoda, akakaa mbele ya kioo na daftari la shule, anaandika. Mimi nilidhani anawaandikia wavulana barua. Mzee Salimu aliliona lile, akamwahidi kwamba mwaka ukiisha vizuri atamwandikia barua apokelewe mahali fulani Tanga walikokuwa wakifundisha vijana ufugaji wa samaki. Hawa hakuwa na njia nyingine ya kutoka pale alipokuwa. Elimu yake iliishia darasa la saba, na kwao walishaanza kuzungumza habari za kumwoza.

Basi siku moja Mzee Salimu akaleta kangaja mpya kutoka Tanga, samaki bapa wa buluu mwenye mkia wa manjano. Mzuri ajabu. Akamtia ndani siku hiyo hiyo, pamoja na wenzake, na sisi sote tukashangilia. Siku ya tatu Hawa akanijia.

"Dada, yule mgeni anajikuna."

"Samaki hana kucha, anajikunaje?"

"Anajisugua kwenye jiwe. Na anahema haraka kuliko wengine."

Nikamwambia akafagie. Hilo lilikuwa jibu langu lote, na nakuambia lilivyokuwa.

Siku chache baadaye kangaja akaonekana ana vitone vyeupe kwenye mapezi na mwilini, kimoja kimoja, ukubwa wa punje ya chumvi. Wenzake wawili nao vilevile. Mzee Salimu akaniuliza kuna nini. Mimi niliangalia mara moja tu, sikukaa hata dakika, nikajibu kwa sauti ya msimamizi: "Ni chumvi. Hawa ametia chumvi ya jikoni, haikuyeyuka, imewaganda." Wapishi wakakumbuka lile swali, wakatikisa vichwa. Hawa akasema hakutia. Alisema mara mbili, akaona hakuna anayemsikiliza. Jioni ile alipanda gari la Kwashemshi na kimfuko chake. Barua ya Tanga ikaishia hapo.

Sasa sikiliza kilichonimaliza. Baada ya siku tatu au nne, vile vitone vikatoweka. Samaki wakang'aa kama wametoka dukani. Nikamwita Mzee Salimu: "Umeona? Ameondoka yeye, na chumvi imeondoka." Hata kama ungeniletea mashahidi mia, nisingesikia.

Mwisho wa wiki nikaenda kwetu Kwedizinga kusalimia, na kujisifu pia, sikufichi. Marehemu baba yangu alikuwa mtunza josho. Wafugaji wa nyikani walileta ng'ombe wao, naye aliwapitisha kwenye dawa ya kupe mmoja mmoja huku anawahesabu kwa kidole. Mimi nimekulia kando ya josho lile. Harufu yake ninaijua mpaka leo. Nikamwamkia, nikakaa, nikamsimulia habari yote, na nilipofika mwisho nilitegemea anisifu. Alikuwa anakata kamba, hakuinua hata macho.

"Ngozi imetakata?"

"Imetakata, baba."

"Kupe akishashiba damu, anakwenda wapi?"

Swali la kitoto lile. "Anaanguka."

"Akianguka ndiyo amekufa?"

"Hapana. Anataga majanini."

"Halafu?"

Nilijua jibu tangu nina miaka sita. Wanaanguliwa, wanapanda ng'ombe tena, na safari hii si mmoja, ni mia.

"Wewe umetazama ng'ombe, hukutazama malisho," akasema. "Samaki siwajui mimi. Lakini mdudu anayeshika na kuachia namjua. Huyo mtoto wa watu umemfukuza kwa sababu gani hasa?" Kisha akaongeza bila ukali wowote, "Na usije ukachukua dawa ya josho ukawapelekea. Unakikumbuka kile kijito cha bondeni." Nilikikumbuka. Mwaka mmoja maji ya josho yalimwagika humo, na samaki walielea matumbo juu.

Nilirudi Korogwe nikiwa nimekasirika. Sikumkasirikia Hawa, nilimkasirikia baba. Nikawatazama samaki: wasafi. Kesho yake wasafi. Nikajiambia mzee ameshaanza kuchanganya mambo. Kisha asubuhi moja nikaja na chakula chao, nikakuta tangi zima limebadilika. Vitone havikuwa vya kuhesabika tena. Kangaja alikuwa amejilaza pembeni karibu na bomba la hewa, mashavu yanafunguka na kujifunga, hataki hata kugeuka. Kabla ya adhuhuri akafa. Niliogopa, mwanangu, tena sana, na kilichonitisha hasa kilikuwa uso wa Hawa aliposema mara ya pili kwamba hakutia.

Nikatafuta lile daftari. Lilikuwa nyuma ya tangi, limelowa pembeni. Hakukuwa na barua ya mvulana yeyote humo. Kila siku ilikuwa na mstari wake: nani amekula, nani amekataa, maji yamepungua kiasi gani, ameongeza maji ya mvua makopo mangapi. Na Jumanne moja ameandika: "Mgeni anajikuna. Nimemwambia dada."

Mzee Salimu akamwita bwana samaki kutoka Tanga. Yule bwana alichukua ute kidogo kwenye ngozi ya samaki mmoja, akautazama kwa hadubini yake, akatuonyesha na sisi: kijidudu cha mviringo kinazunguka taratibu, kimejaa vinyweleo. Akatueleza kwamba kinakaa ndani ya ngozi siku chache, kinashiba, kinadondoka, kinajifunika mchangani na kugawanyika, kisha watoto wake wanatoka kutafuta samaki. Maneno ya baba yangu yaleyale, tofauti ni maji tu. Na kilikuja na kangaja, ambaye alipaswa kwanza kukaa peke yake kwenye chombo kingine majuma kadhaa akitazamwa.

Dawa yake ilihitaji uvumilivu kuliko kitu kingine. Samaki wote wahamishwe kwenye tangi la pembeni lisilo na mchanga wala mawe, watiwe dawa ya shaba, na maji yapimwe kila siku, maana ikizidi inaua samaki na ikipungua inamwacha mdudu. Konokono na kamba wa baharini waliokuwa pamoja nao wabaki kwenye tangi kubwa, kwani shaba huwaua, na mdudu huyu hawashiki. Tangi hilo kubwa likae bila samaki hata mmoja kwa zaidi ya miezi miwili, ili watoto wa mdudu watoke wakose pa kushika. "Mnaye mtu wa kufuatilia kila siku bila kuruka?" akauliza. Mzee Salimu akanitazama mimi.

Nilikwenda Kwashemshi peke yangu. Nilimkuta Hawa anapalilia maharage ya mama yake. Mama mtu aliniitikia salamu na kunipa kigoda, lakini maji ya kunywa hakunipa, na nilielewa. Nikasema nilikosea, nikaomba radhi, nikasema samaki wanakufa.

"Kangaja yupo?" Hawa akauliza.

"Amekufa."

Akang'oa gugu moja. "Nilikuambia anajikuna."

"Uliniambia."

"Dada, samaki watapewa dawa. Mimi hapa kila nyumba inajua nimefukuzwa kwa kuua samaki wa tajiri. Ulisema mbele ya watu. Ukitaka nirudi, sema tena mbele ya watu walewale, kwa sauti ileile."

Basi nikasema. Kwanza pale pale kwao, mama yake alipowaita majirani. Halafu asubuhi iliyofuata kwenye gesti, wapishi wakiwa na vikombe mkononi na Mzee Salimu amesimama mlangoni: Hawa hakutia chumvi, aliuona ugonjwa kabla yetu sote, nami sikumsikiliza. Hakuna aliyecheka. Hawa hakusema ahsante, wala sikuitegemea. Alivuta kigoda chake, akaomba daftari, akaandika, "Siku ya kwanza ya dawa."

Waliopona walikuwa watatu. Siku waliporudishwa kwenye tangi kubwa, Mzee Salimu aliandika ile barua, na Hawa akaondoka kwenda Tanga. Mimi nilibaki kusafisha kioo mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Samaki mgeni usimchanganye na wenyeji, hata tajiri akikuharakisha. Ukiona punje nyeupe kama chumvi, fikiria mdudu huyu. Ukiona vumbi laini la rangi ya dhahabu na samaki wanatweta, huo ni ugonjwa mwingine wenye kasi zaidi, usingoje kesho. Wewe una simu, wapige picha kila siku. Mwenye hadubini aitwe kabla ya mwenye dawa. Madoa yakitoweka usimwambie mtu kwamba wamepona, hesabu siku kwanza. Na kabla hujasema kosa ni la nani, muulize anayekaa mbele ya kioo ameona nini, hata kama ni mfagiaji, hata kama aliwahi kuuliza swali la kuchekesha.

Ninakupa na daftari hili. Hawa aliniachia alipoondoka, na kurasa za nyuma bado ni nyeupe. Mungu akujalie jicho kama la Hawa, na ulimi usio mwepesi kama uliokuwa wangu.